Donge la Risasi na Mkono wa Baba

Baba mdogo wangu aliuawa na nyati, lakini kwa miezi kadhaa baba yangu aliwaambia watu kwamba aliyemuua ni bunduki.

Shamba letu liko ng'ambo ya Kangundo, mahali ambapo ardhi inaanza kushuka kuelekea mtoni na mlima wa Kilimambogo unauona ukiwa umesimama mlangoni. Tulikuwa na kahawa kidogo, maembe, mahindi na mbaazi, vyote juu ya matuta ambayo babu alianza kuyachimba na baba akayamaliza. Miaka hiyo ya tisini ikielekea mwisho nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu, sijaolewa, na mama alikuwa amefariki. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa hatua chache chini ya yetu. Huyo ndiye ndugu wa pekee aliyekuwa amembakia baba, na walikuwa wakila pamoja karibu kila siku.

Bunduki baba aliipata kazini. Alikuwa ameangalia ng'ombe wa tajiri mmoja kwenye tambarare kwa miaka mingi, na alipostaafu tajiri yule alimsaidia kupata leseni na kumwachia bunduki ya zamani ya marisau, ya mtutu mmoja, inayokunjwa katikati ili kutia risasi. Ilikuwa ya kufukuzia fisi. Ukiifyatua, inatawanya vipande vidogo vidogo kama mtu anayerusha kunde. Lakini kulikuwa na risasi za aina nyingine za bunduki hiyo hiyo, ambazo ndani yake hamna marisau ila donge moja zito, nene kama kidole gumba. Hizo baba aliziweka kando, ndani ya soksi, kwenye sanduku la bati. Alisema ni za siku mbaya.

Siku mbaya ilikuja na ukame. Nyasi ziliisha mlimani na nyati wakaanza kushuka usiku kunywa maji na kula mahindi yetu yaliyokuwa yamekauka kabla ya kuzaa. Asubuhi walirudi, isipokuwa dume mmoja mzee aliyebaki kwenye matete ya mtoni. Alimkimbiza mama mmoja aliyekwenda kuteka maji, akavunja mtungi wake na mkono wake. Maofisa wa wanyamapori waliambiwa, wakasema watakuja. Walikuwa wachache na nyati walikuwa kila mahali mwaka huo.

Jumamosi moja asubuhi baba mdogo alikuja mbio. "Yuko ndani ya migomba yangu," akasema. "Watoto wangu wamo ndani ya nyumba na yeye yuko hapo nje."

Baba alitoa soksi sandukuni. Nilimfuata. Najua sikupaswa, lakini nilimfuata.

Nyati alikuwa amesimama ubavu kwetu, kichwa kikielekea kulia, mweusi katikati ya majani ya migomba. Baba alisimama kama hatua arobaini kutoka kwake. Baba mdogo alikuwa upande, karibu zaidi, na panga mkononi, kwa sababu alitaka kuwa kati ya mnyama yule na mlango wa nyumba yake. Mkewe, mama mdogo wangu, alikuwa amepanda juu ya tuta la pili akiwaita watoto watoke kwa dirisha la nyuma. Baba alilenga bega. Nilimwona akilenga, na kila kitu kilikuwa kimya hata nikasikia nzi.

Bunduki ililia. Donge halikuingia begani. Liliingia chini, nyuma, tumboni. Nyati hakuanguka. Aligeuka tu, akamwona mtu aliyekuwa karibu naye, akamwendea.

Sitaandika yaliyofuata yote. Baba alikunja bunduki, akatia donge la pili, akakimbia kuelekea kwao badala ya kukimbia kwenda mbali, na akamfyatulia nyati kwa hatua kama sita, shingoni, akamwangusha pale pale. Lakini baba mdogo alikuwa tayari chini. Tulimbeba kwa mlango uliong'olewa. Alifariki kabla hatujafika barabarani.

Siku ya mazishi baba aliombwa aseme machache. Alisimama na kofia mkononi, akasema, "Nililenga vizuri. Mungu anajua. Hii bunduki ilienda kando." Watu waliitikia kwa kichwa. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, na hakuinua uso.

Baada ya hapo baba aliacha kuzungumza. Alikwenda kwa kahawa asubuhi, akarudi jioni, akala kidogo nilichompikia. Wiki ya sita au ya saba, alinikuta nikisahihisha madaftari akaniuliza kama ninaweza kupata manila kutoka shuleni, ile karatasi ngumu ya kuchorea ramani. Nilimuuliza ya nini.

"Nataka kujua inaenda kando kiasi gani," akasema.

Alikwenda kituo cha polisi, akaeleza, akaruhusiwa kununua risasi zaidi. Akamwambia naibu wa chifu na majirani ili wasishtuke. Kisha akaegemeza magunia mawili ya mchanga kwenye ukingo mrefu wa tuta la juu kabisa, mahali ambapo nyuma yake ni udongo mtupu, na juu ya magunia akabandika manila yangu. Nilichora duara kwa mfuniko wa sufuria na nukta nyeusi katikati kwa makaa. Kazi yangu ilikuwa kuandika.

Daftari hilo bado ninalo. Hatua ishirini na tano, ameketi, bunduki juu ya gunia la mchanga lililowekwa kwenye stuli: tundu la kwanza, chini na kushoto, upana wa kiganja. La pili, chini na kushoto, zaidi. La tatu, kulia, juu, nje ya duara. Baba aliangalia karatasi ile kwa muda mrefu. "Umeona?" akaniambia. "Haina akili. Kila mara inaenda inakotaka."

Nilisema nimeona. Nilimwona pia usoni kitu kama nafuu, na nilifurahi kwa ajili yake.

Jumamosi iliyofuata tuliipeleka kwa fundi mjini Machakos. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani enzi za kujenga mji. Alikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki, na duka lake lilikuwa na cherehani za kushona, mizani, kufuli, na nyuma kabisa, ndani ya chumba chenye vyuma dirishani, meza ya bunduki. Aliipokea ya baba kwa mikono miwili.

"Karibu mzee. Inaumwa nini?"

"Inaenda kando," baba akasema. "Niko na risasi za donge. Nikilenga hapa, inapiga huko, chini kushoto."

Fundi aliikunja, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani ya mtutu. Akaniita nichungulie na mimi. Ndani palikuwa laini kama bomba la maji, isipokuwa karibu na mwisho ambapo palikuwa na madoa ya kijivu.

"Hayo ni madini ya risasi, yameganda," akasema. "Yataka kusuguliwa. Na hii hapa," akatikisa kitako, nacho kikacheza, "skrubu ya ndani imelegea. Kila ukifyatua, kitako na mtutu haviko pamoja. Sasa sikiliza mzee. Bunduki za kijeshi ndani zina mifereji inayozunguka, ndiyo inayoizungusha risasi ikaenda sawa. Yako haina. Donge lako linaenda sawa kwa sababu moja tu, kichwa chake ni kizito na nyuma yake ni tupu, kama jiwe ndani ya soksi. Ukilitupa, jiwe linatangulia. Kwa hiyo usitake miujiza. Hatua hamsini, basi. Kupita hapo unamwachia Mungu."

"Ilikuwa arobaini," baba akasema.

Fundi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa amesikia habari za kifo kile, maana zilizunguka. Hakuuliza.

Alimwambia baba mambo mengine: kwamba asichanganye aina za risasi, achague moja ambayo bunduki inaipenda na abaki nayo, kwamba bunduki ya marisau ina chembe ya shaba tu mbele, haina kitu nyuma cha kulinganisha, kwa hiyo shavu likiwa juu kidogo leo na chini kidogo kesho, donge nalo linahama. Akaahidi kumwekea kipande cha chuma chenye mkato nyuma ya mtutu, na kumbandikia ngozi kwenye kitako ili shavu lilale mahali pamoja kila mara. Baba alimsikiliza kama mwanafunzi wangu mzuri wa darasa la nane.

Baba alipotoka kwenda kununua dawa ya mbuzi, fundi alibaki ananiangalia.

"Binti yangu, anapofyatua wewe husimama wapi?"

"Kando yake, nyuma kidogo."

"Wamtazama yeye au wamtazama shabaha?"

Nilisema ninatazama karatasi, kama kila mtu.

Alivuta mtoto wa meza, akatoa risasi moja ya donge. Ilikuwa sawa na zile nyingine kwa rangi na kwa uzito. "Hii haina baruti," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakapokwisha kuitengeneza, na bado ikienda chini kushoto, siku moja mtilie hii bila kumwambia. Na siku hiyo umtazame yeye."

Niliitia kwenye mkoba wangu. Nilikaa nayo wiki tatu, chini ya chaki na kitambaa, na kila nilipoigusa nilijisikia kama mwizi.

Bunduki ilirudi imekaza. Ilipendeza. Baba alipiga tano kwa risasi za aina moja. Daftari langu linasema matundu yalikuwa yamekaribiana sasa, hakuna lililoruka juu wala kulia, fundi alikuwa amefanya kazi yake. Lakini yote matano yalikuwa chini kushoto ya nukta. Baba aliinua macho kutoka kwenye karatasi na uso wake ukawa umechoka. Akasema chuma cha nyuma hakijakaa sawa. Akakisogeza kidogo. Akapiga tena, na donge likaenda chini kushoto.

"Nipe ingine," akasema bila kugeuka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa risasi. Niliingiza mkono kwenye mkoba.

Alilaza shavu kwenye ngozi. Alivuta pumzi, akaitoa nusu. Sikutazama karatasi. Nilitazama kidole chake, na jicho lake. Jicho likafumba. Bega likasukuma mbele, mkono ukavuta kwa nguvu, na mdomo wa mtutu ukainama chini kushoto kama ng'ombe anayeinamia maji. Kisha ukasikika mlio mdogo tu, ta, wa chuma kwa chuma. Hakukuwa na mlipuko wa kukificha kitendo kile. Bunduki ilibaki imeinama pale pale alipoisukumia, na yeye akaiona.

Ndege walirudi kwenye miembe. Aliikunja, akatoa ile risasi, akaipima mkononi, akaelewa.

"Ni nani alikupa?"

"Fundi."

"Alijua?"

"Alishuku tu, Baba."

Aliketi juu ya gunia. Tulikuwa tunazungumza Kikamba, na katika Kikamba alisema neno moja ambalo kwa Kiswahili ni maneno mawili: ni mimi. Hakulisema kwa sauti ya kulia. Alilisema kama mtu anayeitwa jina akaitika. Mimi ndiye niliyelia, na hakuninyamazisha.

Jioni ile aliniambia nimsindikize kwa mama mdogo. Tulimkuta akipepeta mbaazi mlangoni. Migomba ilikuwa imefyekwa yote. Aliwaambia watoto waifyeke wiki ile ile ya mazishi. Baba hakukaa kwenye stuli aliyoletewa.

"Mwaitu," akaanza, kwa heshima ile ambayo mtu humpa mwanamke kama mama yake. "Nimekuja kukuambia kitu. Siku ile bunduki haikuenda kando. Ni mimi niliiogopa. Nilifumba macho."

Mama mdogo aliendelea kupepeta, mara mbili, mara tatu. Kisha akaweka ungo chini.

"Najua," akasema. "Nilikuwa juu ya tuta. Uso wako niliuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ni nani mwingine alisimama mbele ya ule mnyama? Majirani walikuwa wamekimbia wote. Mtu kuogopa siwezi kumkasirikia." Akainua uso, akamtazama. "Lakini ulisimama kwa kaburi la mume wangu ukasema ni bunduki. Uliita Mungu. Hiyo ndiyo imekuwa ikinikaa hapa." Akagusa koo. "Kila siku nikikuona unapita na hiyo bunduki na makaratasi, nasema, leo atakuja. Hukuja."

"Nimekuja sasa."

"Eh. Umekuja sasa."

Hakumwambia amemsamehe. Alimuuliza kama amekula. Baba akasema hapana. Akatuletea isyo, mahindi na maharagwe, tukala sote watatu, na watoto wake wakaja wakakaa karibu na baba kama walivyozoea kukaa karibu na baba yao.

Nilidhani bunduki itarudi sandukuni. Haikurudi. Baba alifanya mazoezi zaidi ya mwanzo, lakini sasa hakuwa anaipima bunduki. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwa kahawa alitia ile risasi isiyo na baruti, akaweka shilingi juu ya mtutu, akafyatua. Shilingi ilianguka. Ilianguka kwa wiki nyingi. Mwishowe ikaanza kubaki. Jumamosi nilikuwa nikimtilia mimi, baruti au bila baruti, yeye asijue ipi, na kazi yangu haikuwa tena kuandika matundu bali kuandika jicho: limefumba, halikufumba. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu anajifunza kutoogopa sauti.

Zilipofika mvua za mwaka uliofuata, alipiga manne kwa hatua arobaini, amesimama, bila gunia. Niliyafunika matundu yote kwa kisahani cha chai, na nukta ilikuwa katikati yao. Nilimpigia makofi. Alitazama karatasi, akasema, "Mtu anaweza, basi. Hata siku ile alikuwa anaweza," akaibandua, akaikunja mara nne na kwenda nayo ndani. Usiku nilimsikia akitembea chumbani.

Nyati walirudi mara moja tu baadaye. Dume mwingine, kijana, alisimama chini ya shamba la jirani mchana, na watu wakaja kumwita baba. Alikwenda. Alimpima kwa macho akasema ni hatua themanini. Vijana wakampigia kelele ampige. Alikataa. Akawaambia waingie nyumbani wote, akasimama njiani peke yake, bunduki mkononi, saa nzima, mpaka nyati akachoka kutazamwa akarudi alikotoka. Nilisikia kijana mmoja akisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mzee huyu ni mwoga na ndugu yake alikufa bure. Baba alisikia. Aligeuka akamwambia, "Ni kweli," akaenda zake.

Miaka michache baadaye macho yake yalianza kuwa na ukungu. Alipeleka bunduki polisi mwenyewe, akaweka sahihi, akarudi na karatasi. Mama mdogo alikuwa amezoea kumletea uji siku ambazo mimi niko shuleni. Walikaa ukumbini wakizungumza habari za mvua na za watoto. Mmoja alikuwa amepata kazi Nairobi na kupanga nyumba Syokimau, wakamcheka kwa kulala mahali pasipo hata mwembe mmoja.

Nilimuuliza baba mara moja tu. Alikuwa akimenya mbaazi kwa kupapasa, kwa kuwa hakuziona vizuri tena. Nilimuuliza kama nilifanya vibaya kumtilia ile risasi.

"Ungeniacha," akasema. "Nilikuwa nalala usingizi, siku zile." Akamenya ganda moja, akalitupa, akamenya lingine. "Lakini mwaitu yule alikuwa anangoja," akasema. Aliniomba nimsogezee beseni.

Alifariki Machi, kabla ya mvua. Mama mdogo ndiye aliyewaonyesha vijana mahali pa kuchimba, kando ya mumewe, wala hakumuuliza mtu. Walipofika kwenye mawe wakataka kusogea, aliwaambia hapana, wapige hapo hapo, na akasimama juu yao mpaka wakamaliza.